Mboga za Mwezi wa Kumi

Ukishuka kutoka njia panda ya Kitai kuelekea Lituhi, chakula hubadilika kabla ziwa halijaonekana. Nyuma yako, upande wa Mbinga, ni kahawa, mahindi na maharage, na baridi ya asubuhi inayomfanya kondakta asilivue koti lake. Barabara inateremka, koti linavuliwa, na mashamba ya muhogo yanashika pande zote mbili. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Katika mteremko huo msafiri anaaga ugali wa mahindi na kukaribishwa na ugali wa muhogo, miembe na mikorosho. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalipishana nasi moja baada ya jingine, yakatuachia vumbi la kutufikisha Lituhi. Hapo nilipanda bodaboda, nikafuata ufuko kwenda kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia, hadi Mbaha.

Mbaha ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao makuu yake yakawekwa Mbamba Bay. Nilikwenda kwa ajili ya mboga za majani, na Oktoba niliichagua kwa makusudi. Bustani za jikoni zimesifiwa sana katika nchi hii, na picha zake karibu zote hupigwa mvua ikiwa imeshanyesha vya kutosha: mchicha umefunga tuta, majani ya maboga yametambaa hadi ukutani, mwenye nyumba anatabasamu. Machi kila mtu ni hodari wa mboga. Mimi nilitaka kujua mtoto wa Mbaha anakula jani gani katika mwezi ambao mvua ya mwisho ilikuwa ya Mei na ya kwanza haijulikani kama itakuja Novemba au itangoja Desemba.

Swali hilo lina uzito wake mkoani Ruvuma. Kwa miaka mingi mkoa huu umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa ghala la taifa. Gunia la mahindi la Songea linajulikana hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, 41 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 32. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, takriban 36 kwa Ruvuma na 30 kwa taifa, lakini Iringa, jirani mwenye ghala lililojaa vilevile, ilikuwa imevuka nusu. Mikoa inayolisha wengine ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Gunia likishauzwa linaleta bati, ada ya shule na simu. Jani halileti mpaka mtu alipande.

Nilifika jioni. Mama mwenyeji wangu alitoka jikoni akifuta mikono kwa khanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Pole na vumbi. Karibu, maji ya kuoga yako tayari.”

Chakula cha usiku kilikuwa ugali wa muhogo, mweupe, wenye mvuto, na usipa waliopikwa na nyanya mbili ndogo. Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa sababu hiyo humpa mlaji madini ya chokaa pamoja na protini. Mezani hapakuwa na jani hata moja. Nilipouliza, kwa adabu, mama alicheka.

“Majani mwezi huu ni ya kutafuta. Ungekuja masika ungeyachoka.”

Asubuhi tulishuka ziwani pamoja. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, na kina chake kinafika mita 700. Mtu akitazama maji yote yale, upeo kwa upeo, hawezi kuamini kwamba hatua mia chache kutoka hapo mchicha unakufa kwa kiu. Maelezo yake yako kichwani mwa mwanamke anayepanda kilima na ndoo. Ndoo ni lita 20. Nyumba nyingi zimejengwa juu kidogo, karibu na njia na shule, na maji yanayopandishwa kwa shingo huwa yameshapangiwa kazi: kupika, kunywa, kuogesha watoto. Mchicha uko mwisho wa foleni, na foleni haifiki mwisho.

Wapo waliolitatua jambo hilo kwa kuipeleka bustani kwenye maji. Usawa wa ziwa hupanda baada ya masika na kushuka taratibu kiangazi chote, na kila mwaka huacha ukanda wa mchanga wenye unyevu. Humo niliona vishamba vya ukubwa wa mkeka, vyenye matembele na nyanya, vikiwa vimezungushiwa miba dhidi ya mbuzi. Iringa na Njombe bustani za namna hiyo za mabondeni huitwa vinyungu. Ng’ambo, Malawi, huitwa madimba. Ni akili ya zamani, na inalisha watu. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kulindwa, kwa hiyo mwenye kishamba cha ufukweni analima akijua kwamba siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Tena yuko mbali na nyumbani. Mama mwenye mtoto mgongoni hashuki ziwani kuchuma kiganja cha majani saa kumi na mbili jioni, moto ukiwa umeshawashwa.

Ndiyo maana nilifurahi tulipopitia nyumba ya jirani, ambaye mwenyeji wangu alinitajia tangu usiku kwa sauti yenye wivu kidogo: “Yule hakosi kijani.”

Jirani huyo ana bafu la nyasi nyuma ya nyumba, kama wengine wote. Tofauti ni mfereji. Ameuchimba kwa jembe, upana wa kiganja, kutoka chini ya jiwe la kuogea, ukapita kwenye shimo dogo lililojazwa changarawe, na kuishia kwenye vitalu viwili. Kando ya bafu iko kichanja cha vyombo, nayo maji ya vyombo humwagwa kwenye beseni, yakatulia hadi jioni, yakapelekwa kwenye mashina kwa kopo. Kitalu cha kwanza kina matembele, yametambaa hayaonyeshi udongo. Cha pili kina mchicha, mnavu na miche sita ya nyanya chungu. Mpapai umesimama mwisho wa mfereji, pale maji ya sabuni ya kufulia yanapokwenda, kwa sababu maji hayo hayafai kumwagiwa majani yanayoliwa. Uzio ni wa matete, umefumwa kwa kubana hadi kimo cha goti ili kifaranga asipenye. Miche midogo imefunikwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa.

Nilichuchumaa nikatazama vitalu kwa karibu. Havikuinuliwa, vimezama. Udongo wa Mbaha ni wa kichanga, na tuta lililoinuliwa, lile tunalofundishwa kila mahali, kiangazi hukauka pande zote kwa jua na upepo wa kusini unaovuma ziwani. Yeye amechimba chini kiasi cha shibiri moja, akachanganya samadi ya mbuzi na majivu kidogo, akafunika kwa nyasi kavu. Maji yakiingia hayana pa kukimbilia. Masika yakianza atavigeuza: udongo utapanda juu, maji yapate kutoroka.

Hesabu yake inakubali. Mboga katika jua la Oktoba huhitaji karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Vitalu viwili vya mita 5 kwa 1 ni mita za mraba 10, yaani lita 50, ndoo mbili na nusu. Nyumba ya watu sita wanaooga, kunawa, kuosha vyombo na kuosha samaki humwaga kiasi hicho kila siku, na kwa kawaida hukimwaga mlangoni ambako hufaidi inzi. Maji hayo yameshabebwa. Shingo imeshaumia kwa ajili yake. Jirani huyu hajaongeza hata safari moja ya ziwani. Amekataa tu kuyatupa maji baada ya kazi ya kwanza.

“Na unachumaje?” nilimuuliza.

Alikata mchicha mmoja kwa kisu, juu ya ardhi kwa urefu wa kidole cha kati, akaacha shina. “Huu utachipua pembeni. Ukiung’oa umekula mara moja.” Kwa matembele anavunja ncha, vidole viwili vitatu vya mwisho, na kila alipovunja panatoka ncha mbili. Hachumi kitalu kizima siku moja. Leo upande huu, kesho kutwa upande ule, na jioni ya tatu anarudi alikoanza.

Mchana alitupikia. Aliyaosha majani yakiwa mazima, ndipo akayakata, kwa sababu ukikata kwanza na kuosha baadaye, vitamini C na za kundi B zinazoyeyuka katika maji unazimwaga na uchafu. Maji sufuriani yalikuwa kidogo, ya kufunika kitako tu. Karanga zilizotwangwa zikaingia, mfuniko ukafuata, na kabla hatujamaliza habari za nani kaoza binti yake, mboga ilikuwa imeiva na bado ina rangi ya kijani. Karanga pale hazikuwa za ladha peke yake. Vitamini A iliyofichwa katika majani ya kijani kibichi huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Sahani ya mchicha uliochemshwa mkavu bila mafuta hupita tumboni na mali nyingi ikiwa haijashushwa. Mwisho akakamua ndimu. Madini ya chuma ya majani ni magumu kufyonzwa kuliko yale ya nyama na samaki, na ukali wa ndimu au embe huyasaidia, kama ambavyo chai ya rangi inayonywewa na chakula huyazuia.

Magadi hakutia. Nilimuuliza, kwa kuwa nyumba nyingi hutia kwenye kisamvu na mlenda ili vilainike upesi. Alisema aliambiwa kliniki aache, akaacha. Aliyemwambia alikuwa sahihi: magadi hulainisha jani na kuharibu vitamini C na baadhi ya za kundi B.

Mtu wa mjini angeweza kudhani mboga hizo ni chakula cha shida. Hata Mbaha wapo wanaodhani hivyo. Kabichi inashuka kutoka milimani kwa bodaboda, usipa unapanda kwa njia hiyohiyo, na mgeni wa heshima hupikiwa kabichi kwa kuwa imenunuliwa. Matembele yanaonewa haya kwa kuwa ni ya bure. Lishe inapanga daraja kinyume. Kabichi nyeupe ina vitamini C lakini vitamini A yake ni ndogo sana. Matembele, mchicha, mnavu, majani ya maboga na ya kunde yanaizidi mara nyingi. Kanuni rahisi ambayo hata mtoto anaweza kuishika ni rangi: kadiri jani lilivyo la kijani kilichokolea, ndivyo lilivyobeba zaidi. Kisamvu nacho kina protini nyingi kuliko muhogo uliokizaa, mradi kitwangwe vizuri na kuchemshwa bila mfuniko hadi sumu yake itoke na mvuke.

Sumu hiyo si ya kusimuliwa kwa mzaha katika nchi hii ya muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Wilaya ya Mbinga kama ilivyokuwa wakati ule, na pia Mtwara, walitokea watu waliolala wazima na kuamka miguu imekakamaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Tarime, mkoani Mara, ulikuwa umetokea mwaka 1985. Hupiga zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na miguu ikishakakamaa hairudi ilivyokuwa. Chanzo ni sianidi ya muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, mara nyingi katika kipindi cha njaa au ukame, ukiliwa siku nyingi mfululizo na mtu ambaye sahani yake haina protini. Mwili unahitaji protini zenye salfa ili kuivunja sianidi. Asiye na samaki wala kunde hana silaha.

Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akiwamo Nicholas Mlingi, walishirikiana na Howard Bradbury wa Australia kufundisha njia nyepesi ya kuongeza usalama. Unga wa muhogo unaloweshwa maji, unatandazwa mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi ikatoka hewani, ndipo unasongwa ugali. Njia hiyo haiondoi haja ya kuloweka muhogo mchungu siku kadhaa na kuuanika kama walivyofanya mabibi. Inakamilisha. Mwenyeji wangu huloweka wake hadi ulainike na kubonyea kidoleni, anaumenya, anauanika juu ya mwamba. “Mwenye haraka alime mahindi,” alisema.

Kwa hiyo elimu ipo, na haikuanza jana. Mzee mmoja, tuliyemkuta akishona nyavu chini ya mwembe, alikumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya wakati wa ujana wake. Serikali ya Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima karibu milioni mbili mbele ya redio, vijiji kwa vijiji, kujadili vyoo, maji na malaria. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kampeni ya lishe kwa mtindo uleule: kipindi redioni, kitabu mkononi, mjadala, kisha azimio la kikundi. Bustani za mboga zilikuwa miongoni mwa kazi zilizohimizwa.

“Tulilima,” mzee alisema. “Kikundi kizima, shamba moja, pale mtoni.”

“Likaishia wapi?”

“Kiangazi kilikuja. Kila mmoja alingoja mwenzake amwagilie.”

Nimewahi kusoma taarifa ndefu kuhusu kushindwa kwa bustani za pamoja. Hakuna iliyolimaliza jambo kwa maneno machache kama ya mzee yule. Bustani ya kikundi iko mbali na sufuria ya kila mwanakikundi. Maji yake ni ya kwenda kuchota, na mavuno yake ni ya kugawana kwa kikao. Mboga za majani haziwezi kungoja kikao. Jani lililochumwa asubuhi jioni limenyauka.

Baada ya hapo nilianza kupima bustani kwa hatua. Ilipokuwa ndani ya hatua ishirini kutoka mahali vyombo vinapooshwa, kwa kawaida ilikuwa hai. Zaidi ya hapo nilikuta mashina makavu na uzio uliochukuliwa kuni. Niliona bustani za magunia pia, zile za kujaza udongo na samadi, mawe katikati kama bomba la maji, na mchicha ukitoka ubavuni. Zinafaa sana kwa asiye na eneo, na kuku hawazipandi kirahisi. Lakini gunia lililowekwa mbele ya nyumba ili wageni walione lilikuwa limekauka, na lililofichwa nyuma karibu na beseni lilikuwa limechanua. Aina ya bustani ilinishughulisha kidogo kuliko mahali ilipokaa.

Hatua hizo zina mwenye miguu. Kila bustani niliyoiona hai ilisimamiwa na mwanamke, na katika nyingi mume alikuwa amefanya jambo moja: uzio, au mfereji, au kuleta samadi. Uzio ni kazi ya siku moja au mbili kwa mwenye panga na nguvu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga ni kazi ya mwezi isiyokwisha, na bila uzio bustani ni ya kuku. Ukitaka kujua kama nyumba itakula mboga Oktoba, tazama nani alikata matete Juni.

Tusizipe mboga sifa zisizo zao. Mtoto hudumaa kwa sababu nyingi zinazoshikana: mama aliyebeba mimba akiwa mwenyewe bado msichana, uji mwepesi usio na kitu, kuhara kwa maji machafu, malaria, kazi zinazomtenga mama na mtoto. Tafiti za bustani za nyumbani, Afrika na Asia, zinaonyesha kwa uwazi kwamba nyumba yenye bustani hula mboga nyingi zaidi na hupata vitamini A zaidi. Urefu wa mtoto hausogei kwa wepesi huo. Kwa hiyo matone ya vitamini A yanayotolewa Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yaendelee, vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito viendelee, usipa na kunde viingie kwenye uji. Lakini jicho linaloona vizuri usiku, damu isiyopungua, kidonda kinachopona upesi, hayo ni mambo makubwa kwa kitalu kinachomwagiliwa maji ya vyombo.

Nilirudi kwa njia ya juu, kupitia Mbamba Bay na barabara ya lami inayopanda hadi Mbinga. Njiani kuna milima ya Umatengo na ngoro zake. Wamatengo hulaza nyasi kwa safu zinazokatizana kama wavu, huzifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo mwezi Machi, mahindi hufuata msimu unaokuja. Mvua ikipiga mteremko mkali, kila shimo hukamata maji yake na udongo wake, na nyasi zilizozikwa huoza na kuwa mbolea. Chuo Kikuu cha Sokoine na watafiti kutoka Japani waliuchunguza mfumo huo kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, na wakakuta kwamba umezuia mmomonyoko katika miteremko ambako mkulima wa matuta ya kawaida angekuwa ameshapoteza shamba.

Kutoka dirishani nilikiona kitalu kilichozama cha jirani yule wa Mbaha kimezidishwa mara elfu. Kanuni ni moja: maji yasiruhusiwe kupita bila kufanya kazi. Watu wa mkoa huu hawahitaji kuletewa akili hiyo kutoka nje. Kinachohitajika ni kuishusha kutoka shambani hadi nyuma ya jiko, na kuipa hadhi ileile wanayoipa kahawa na mahindi.

Hadhi inaweza kubadilika. Jirani zetu wametuonyesha. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alitumia miaka mingi kutetea mnavu, mgagani na mchicha wa kienyeji dhidi ya dharau ya kwamba ni magugu, na leo mboga hizo, managu, saga na terere kwa majina ya huko, zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Kwetu, Tengeru mkoani Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwepo tangu mwaka 1992, kikikusanya na kuboresha mbegu za mnavu, mchicha na ngogwe, yaani nyanya chungu. Mbegu bora zipo nchini. Umbali kutoka Tengeru hadi Mbaha ni mrefu, lakini si mrefu kuliko ule wa pakiti ya mbegu za chainizi, ambayo imeshafika kila duka la Lituhi.

Nina pendekezo moja kwa wanaosimamia lishe, kuanzia afisa ugani wa kata hadi wanaoandika taarifa za mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walitia saini kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Vijiji vina Siku ya Afya na Lishe kila robo mwaka. Watoto hupimwa, mapishi huonyeshwa, makundi ya chakula hutajwa. Bustani nazo huhesabiwa: kaya ngapi zinayo, ngapi hazina. Hesabu ya Machi ifutwe. Ihesabiwe ile ya robo inayoanza Oktoba peke yake, na swali liwe fupi: jana usiku mlikula jani gani, na lilitoka hatua ngapi kutoka jikoni? Kata yoyote ikifanya hivyo, idadi itaanguka vibaya mwaka wa kwanza, na mkuu wa idara hatapenda. Mwaka wa pili wanaume wa kata hiyo watakuwa wanakata matete mwezi wa Juni.